Maliza Mtihani Kwanza

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Pongwe nikaambiwa yule mama aliyekuwa akifagia madarasa ya shule niliyofundisha amefariki. Saratani ya titi. Ninyi mnaofuata safu hii tangu zamani mnamfahamu: ndiye yule "mwanafunzi mwenye ufagio" niliyemtolea mfano kila nilipowahimiza mjiwekee malengo. Leo nawaambia sehemu niliyoificha.

Aliteremka kutoka Amani akiwa mjane. Huko milimani alijifungulia njiani, mvuani, akielekea zahanati, na mtoto hakulia. Tangu siku ile akataka kuwa muuguzi. Alikuwa na miaka thelathini na minane aliponijia. "Mwalimu, nataka Baiolojia, Kemia na Fizikia. Mengine sina haja nayo." Nilicheka mbele yake. Majirani wakambatiza Daktari, wakawa wanamwita apite awachome sindano. Akaacha kwaya, akaacha shughuli za harusi, akasoma. Mwaka wa kwanza alifeli yote matatu. Wa pili akapata Baiolojia peke yake. Hapo nikaacha kucheka, nikaanza kumfundisha na, niseme kweli, kujivunia yeye kana kwamba nimemuumba.

Machi ya mwaka wa tatu, tukiwa katikati ya somo, alifunga daftari.

"Mwalimu, nina kitu hapa kwenye ziwa. Kigumu kama punje ya hindi."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Niende hospitali?"

Mtihani ulikuwa Novemba. "Mama, ukianza foleni za hospitali, mwaka umekwenda. Maliza mtihani kwanza."

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Alifaulu. Nilimsomea matokeo wodini kutoka kwenye simu yangu, naye hawezi tena kuinua mkono wa kushoto. "Kemia?" D. "Fizikia?" D. "Basi chuo watanipokea," akasema, akafumba macho akitabasamu. Koridoni daktari, binti mdogo tu, aliniuliza nani alimchelewesha mgonjwa huyu. Nikasema sijui.

Mazishini wale wale waliomwita Daktari kwa kejeli walimwita Daktari kwa machozi. Nami nikasimama nikasifu juhudi zake, sauti ikitetemeka ipasavyo. Nimeandika miaka mingi kwamba mtu asiyejua aendako hupotea. Bado naamini. Lakini tumekuwa watu wa kupenda safari ya mwenzetu kuliko tunavyompenda msafiri. Tunataka afike ili tupate cha kusimulia. Yeye kosa hakufanya: lengo lake lilikuwa wazi, alilifuata bila kuyumba, na mwili ulipompa habari alisimama akauliza. Alimuuliza mtu aliyekuwa anatafuta mfano wa kuandika gazetini.

Basi jiwekeeni malengo. Ila mwenye lengo akija kukuuliza kama asimame kidogo, usimhesabie miezi iliyobaki. Funga kitabu, vaa viatu, mpeleke.