Doa la Kahawia Juu ya Paa

Dada yangu alipostaafu ualimu hakutaka kufuga kuku wala kukaa kwenye kamati yoyote ya kanisa. Alinunua gari. Lilikuwa gari kuukuu lililowahi kubeba watalii, na fundi mmoja wa fenicha alimtengenezea ndani kitanda, kabati na meza ya kukunja. Alitaka kuizunguka Kenya akilala anapotaka, bila kumgongea mtu mlango. Majirani zake wa Nyansiongo walimcheka chinichini. Mimi nilimwonea fahari, hasa aliponiambia kwamba safari ya kwanza, hadi Turkana, tungekwenda pamoja.

Nauza vifaa vya umeme mjini Kisii na nimefunga sola kwenye nyumba nyingi, kwa hiyo kazi ya kufunga sola juu ya paa la gari ilikuwa yangu bila mjadala. Paa lenyewe lilikuwa na mgongo, na paneli za kioo zisingelala juu yake. Tukaagiza zile laini, nyembamba kama jalada la kitabu, ambazo hupinda kidogo na kubandikwa kwa gundi bila kutoboa bati. Zilichelewa sana. Kila baada ya siku mbili dada alinipigia kuuliza kama zimefika.

Tulizibandika Jumapili moja asubuhi, katika boma lake. Nilisugua paa kwa spiriti, nikapaka gundi kwa mistari, na paneli ya kwanza ikalala vizuri. Ya pili ilikuwa ya upande wa nyuma, juu ya kitanda. Gundi ilikuwa bado mbichi, ikaanza kuteleza. Nikajirusha kuishika na goti langu la kulia likatua katikati yake. Nikasikia mlio mdogo, kama biskuti inayovunjika ndani ya pakiti.

"Ni nini hiyo?" dada aliuliza kutoka chini, alikokuwa ameshika ngazi.

"Goti langu," nikasema. "Uzee huo."

Akacheka. Mimi nilibaki nimepiga magoti pale juu, najua vizuri kilichovunjika. Ndani ya paneli hizo mna vipande vyembamba kuliko kucha. Kimoja kikipasuka, ufa hauonekani kwa macho na paneli inaendelea kufanya kazi, ila pale penye ufa umeme hupita kwa shida, na unapopita kwa shida huzaa joto. Nilipima kwa mita. Vipimo vilikuwa sawa. Nikajiambia nitamweleza tukishakunywa chai.

Chai ililetwa na mama yetu mwenyewe, ambaye siku hizo alikuwa akiishi na dada. Dada akawasha friji, akawasha taa mchana ule ule, akapiga makofi. Mama akapanda ndani, akajilaza kitandani kulijaribu godoro, akasema hatoki tena. Nani angesema maneno ya ufa saa hiyo? Nilikunywa chai yangu, nikakusanya vifaa, nikarudi mjini.

Alianza na safari fupi za kujaribu. Wiki moja alikwenda Magwagwa, nyingine Nyaramba, akiegesha karibu na soko, akipika na kulala humo humo. Mara nyingi alimchukua Mama. Wiki ya tatu akanipigia.

"Mdogo wangu, kuna doa juu ya ile paneli ya nyuma. Dogo tu, kama sarafu."

"Ni utomvu wa miti," nikasema. "Usihangaike nalo."

Sijui jibu lile lilitoka wapi, wala kwa nini lilikuja upesi namna ile.

Tangu siku hiyo nikaanza kuliogopa jua. Kwetu mvua huja karibu kila alasiri, na zamani niliilaani kwa kunifukuzia wateja. Sasa asubuhi ikikucha bila wingu nilisimama mlangoni mwa duka nikitazama upande wa Nyamira, alikokuwa dada. Matone ya kwanza yakipiga bati nilipumua. Nilimpigia dada nikijifanya nauliza habari za Mama, kisha katikati ya mazungumzo namuuliza ameegesha wapi, penye jua au penye kivuli. Aliniona wa ajabu.

Simu ya pili ilikuja Ijumaa, jua likikaribia kuzama. "Doa limekuwa la kahawia," akasema. "Na ndani, ukigusa dari pale juu ya mto, pana moto. Si wa kuunguza, lakini pana moto. Ni kawaida hiyo?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwambia azime swichi ya sola na kwamba nitakuja Jumapili kuangalia.

"Na friji? Dawa ya Mama ya macho imo."

"Zima tu, dada. Jumapili nitakuja."

Akakata simu. Sikujua alizima au hakuzima.

Jumamosi kulipambazuka peupe, jua kali baada ya siku nyingi za mvua. Nilimpigia, simu ilikuwa imezimwa. Ni Sabato, nikakumbuka, yuko kanisani. Nikajaribu tena na tena. Ilipokaribia saa sita nilifunga duka, nikaingia kwenye pikapu yangu na kushika njia ya Keroka kwenda Nyansiongo. Sikuona chochote njiani isipokuwa anga.

Gari lilikuwa nyuma ya kanisa, chini ya mikaratusi. Kivuli kilifunika nusu ya paa, nusu nyingine ilikuwa ikipigwa na jua, na paneli ikipata kivuli nusu, pale penye ubovu ndipo hupata moto zaidi. Ndani ya kanisa walikuwa wakiimba. Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua kabla sijafika mlangoni.

Mama alikuwa amelala kitandani, kitambaa chake cha kichwa kando. Alikuwa amechoshwa na mahubiri, akaja kupumzika.

"Omwana one," mwanangu, akasema akifumbua macho, "humu kuna joto kama jikoni."

Juu ya kichwa chake plaiwudi ya dari ilikuwa imegeuka nyeusi, na uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka kwenye ungio. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilimkalisha kwenye nyasi, nikarudi, nikazima swichi. Ilikuwa imewashwa. Nikatupa blanketi juu ya paa jua lisiifikie paneli, kisha nikaing'oa plaiwudi kwa mikono. Sponji ya kuzuia joto iliyokuwa juu yake ilikuwa na ukingo mwekundu unaotembea polepole. Niliumwagia mtungi mzima wa maji.

Dada alitoka na wenzake wa kwaya, Biblia mkononi. Aliangalia godoro lililolowa, akaangalia mikono yangu, kisha akaenda kwanza kwa Mama. Alimnusa nywele. Aliporudi aliwaomba wenzake watuache kidogo.

"Ni nini kimetokea?"

"Niliikanyaga," nikasema. "Niliivunja kwa goti."

"Lini?"

"Siku ile tunaibandika."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Hakupandisha sauti. Miaka yote ya ualimu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Ungeniambia siku ile ningecheka," akasema. "Tungeagiza nyingine, basi."

Nilimwambia ningeibandua mwenyewe, nikarekebisha dari na kufunga paneli mpya. Akasema hapana, asante. Wiki ile ile alimwita fundi mwingine, kijana wa Nyamira nisiyemjua, naye akamaliza kazi kwa siku moja.

Turkana alikwenda na mwalimu mwenzake aliyestaafu. Niliitwa asubuhi ya kuondoka, si kuaga bali kumchukua Mama, aje kukaa kwangu. Yule mwenzake alikuwa ameshapanda, anafunga mkanda. Dada alinipa dawa ya macho kwenye mfuko, akanieleza saa za kuitia.

"Akikuambia anaumwa, nipigie saa hiyo hiyo," akasema. "Usingoje mpaka kesho."

"Nitapiga."

Akawasha injini. Gari lilipopinda kwenye barabara kuu nilikwenda kwenye pikapu. Mama alikuwa ameshaketi mbele, mkoba mapajani, na kioo cha upande wake alikuwa amekiteremsha hadi mwisho. "Hewa ipite," akasema.