Picha ya Kutangulia Jeneza

Maswali wanayoulizwa wapiga picha za sanaa nayajua kama sala za jioni. Unatumia kamera gani? Wazo unalitoa wapi? Unajuaje kwamba hii ni sanaa na ile ni picha tu? Mtangazaji wa redio aliyenijia asubuhi ile studioni kwangu, hapa Tabora mjini, alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari kwa kalamu nyekundu. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, tukaanza. Nilijibu huku miguu ikiniuma. Kuitembea njia ya zamani ya misafara miaka yote hii, na begi begani, kumeniachia magoti mabovu na majibu ambayo hata mimi siyaamini tena.

Akauliza kwa nini picha zangu hazina nyuso. Nikampa jibu langu la siku zote: uso hujipanga mbele ya kamera, mkono haujui kudanganya. Akaliandika lote. Watu wa maonyesho kule Dar nao walilipenda sana.

Hatujafika mbali, akaingia mwanamume mwenye vumbi la safari. Nilimtambua. Ni mtoto wa mama mmoja wa Bukene, mkulima wa karanga, niliyempiga picha misimu miwili mizima. Mikono ya yule mama ndiyo iliyonipa jina. Hakukaa. Alisema mama amefariki jana, wanazika kesho baada ya misa, na wamepekua nyumba nzima kutafuta picha ya kutangulia mbele ya jeneza pamoja na msalaba, wamekosa. Ndugu wamemtuma kwangu, maana hakuna asiyejua kwamba mimi nilimpiga picha mama yao kuliko mtu mwingine yeyote.

Nilimpa pole, nikawasha kompyuta. Wasiwasi sikuwa nao. Katika picha zote zile, ingekosekanaje moja? Tukaanza kuzipitia, watatu tumeinama. Mikono ikimenya karanga. Mikono kwenye mpini wa jembe. Kisigino chenye nyufa. Mgongo. Shingo na rozari. Kivuli chake ukutani. Kwenye moja kidevu kilikuwa kimeingia pembeni, na nakumbuka siku ile nilikasirika kwamba nimeiharibu. Nikarudi mwanzo, nikapitia tena polepole. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Yule bwana hakunigombeza. Aligusa kioo pale penye mikono.

"Hii ni ya mama kweli," alisema. "Imetulea wote saba. Lakini dada, nikitangulia na mikono, watu wataniuliza mama yako yuko wapi."

Akatoa mfukoni kadi ya mpiga kura ya marehemu. Picha yenyewe ndogo, imepauka, jicho moja limemezwa na alama ya mkunjo. Nilifanya nilichoweza. Nilipoichapa kubwa ulitoka uso wa mtu yeyote, mwanamke fulani ndani ya ukungu. Alishukuru, akaizungushia gazeti, akaondoka kuwahi basi. Hiyo shukrani yake ilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Mtangazaji alikuwa bado amekaa. Alitazama daftari lake, akaliweka pembeni, akauliza swali ambalo hakuwa ameliandika.

"Mama, yule marehemu mwenyewe hakuwahi kukuomba umpige picha ya uso?"

Lile jibu la mikono isiyojua kudanganya lilinijia mdomoni, nikalimeza. Nikamwambia ukweli. Aliniomba, mara mbili. Mara ya pili nilimkuta ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba chake, amekaa kwenye kiti mlangoni ananisubiri. Alisema anataka moja ya kuwaachia watoto. Mimi nikamwambia tutapiga siku nyingine, sasa akavae nguo za shamba, mwanga mzuri unaisha. Akainuka, akaingia ndani kubadili.