Ngozi ya Ushindi

Niliondoka Mbulumbulu kwa sababu ya ngozi. Tulikuwa tumemzika Paskali, mtoto wa kaka yangu Bura, aliyeuawa kwa mkuki katika mapigano ya malisho kati yetu wakulima na wafugaji wa ng'ambo ya msitu. Kesho yake vijana wetu walivuka msitu kulipa kisasi, wakarudi na ng'ombe mmoja. Jeshi zima, ng'ombe mmoja. Wakamchinja matangani huku wakiimba kama watu waliokomboa nchi.

Niliitazama ngozi waliyoiwamba uani kwa vigingi. Pajani ilikuwa na chapa yangu. Ng'ombe huyo nilimweka kwa rafiki yangu mfugaji, Lekasio, kama tunavyofanya huku: yeye anachunga na kunywa maziwa, ndama tunagawana.

"Kuna mzee alijifanya kutuzuia," alisema Emanueli, kamanda wao. "Tukamvunja mkono."

Nilitaka kwanza kumwona huyo mzee.

Asubuhi, Karatu mjini, nilipata nafasi katika lori la mahindi lililokuwa likienda kwa wafugaji.

"Mzee, ninyi si mnapigana na hao?" dereva aliuliza.

"Tunapigana."

"Na mahindi haya ya kwenu nawapelekea wao?"

"Ndiyo. Mashujaa wetu hawapendi kuharibu biashara."

Alicheka mpaka langoni mwa hifadhi. Juu, ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ukungu ulikuwa mzito. Watalii walikuwa wamejipanga na kamera wakisubiri ufunguke. Hapo nilijiuliza nitafanya nini nikikuta nyumba ya rafiki yangu ndiyo iliyomuua Paskali.

Mchana nilifika kwenye boma la rafiki yangu. Lekasio alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Pole na msiba, rafiki," alisema. "Ng'ombe wako ameniponyoka."

"Hukuwaambia ni wangu?"

"Niliwaambia, huyu ni wa kwenu. Wakasema mzee muongo huyu. Na hapa wananicheka, eti nimevunjwa mkono kwa ajili ya mali ya mkulima."

Kwa hiyo wapumbavu wako pande zote mbili. Halikunifariji hilo.

"Lekasio, mwanao alikuwepo siku aliyouawa Paskali?"

Nilitaka aseme hapana. Aliangalia chini.

"Alikuwepo. Anasema hajui mkuki wa nani ulimpata. Nami sijui."

Kisha akanionyesha ndama wa yule ng'ombe. "Mchukue. Hapa sitaweza tena kumlinda."

"Abaki," nilisema. "Kwetu atachinjwa."

Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa uani kwa Bura. Nilimweleza yote mbele ya vijana: chapa, mkono, ndama.

"Umemwachia adui ng'ombe?" Emanueli alifoka.

"Nimemwachia mtu aliyevunjwa mkono akitetea mali yangu. Wewe uliila."

Bura aliuliza neno moja tu. "Mwanawe?"

"Alikuwepo, kaka. Hakunificha."

Bura akainuka, akaanza kung'oa vigingi vya ngozi kimoja kimoja.

"Mzee Bura, hiyo ni ya ushindi wetu," Emanueli alisema.

"Ushindi gani? Mmekula ng'ombe wa mdogo wangu, na mwanangu bado yuko kaburini."

Akaikunja, akaniwekea mapajani. Safari hii ilinifundisha kwamba vita vya watu wangu havikuhitaji adui. Lakini hilo sikumwambia kaka. Nilimshika mkono, ulikuwa unanuka ngozi mbichi, tukakaa.