Vitambaa Vyeupe vya Gashoho

Siku yangu ya kwanza kazini Shefu, mkuu wangu, hakunipa hata kiti. Alinipeleka nyuma ya ofisi ya kilimo pale Gitega, akanisimamisha mbele ya mchungwa uliojikunja majani, umepakwa weusi kama uliota juu ya jiko. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka kwenye shina.

"Zaina, nini inaua huu muti?"

"Sisimizi, Shefu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ayi! Miaka yote ya shule, na bado sisimizi! Geuza jani, mama."

Nikageuza. Chini yake vidukari, wale wadudu laini wanaonyonya utomvu, walikuwa wamebanana hadi jani halionekani. Shefu akanieleza kitu ambacho nimekirudia maisha yangu yote. Kidukari hunyonya mti na kutoa majimaji matamu. Sisimizi anautaka ule utamu, kwa hiyo anamchunga kidukari kama sisi tunavyochunga ng'ombe, na anamfukuza yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anayekula vidukari. Utamu ukidondokea majani, ndipo panapoota ule ukungu mweusi niliodhani ni moshi.

"Donc, basi, usipigane na mchungaji," akasema. "Mufungie njia tu. Kale kekundu katamaliza kazi."

Kufunga njia kulikuwa hivi. Unachukua kitambaa chenye upana wa kiganja, unakizungusha kwenye shina, unakikaza kwa kamba ya mgomba, kisha unapaka grisi ya baiskeli juu ya kitambaa. Juu ya kitambaa nasema, si juu ya gome, maana grisi inaunguza gome. Kabla ya hapo unakata matawi yanayogusa ardhi, ukuta au ua, la sivyo sisimizi watapita huko huku wakikucheka. Vidukari waliobaki unawaosha kwa maji ya sabuni asubuhi, jua halijakaza, chini ya majani, na maua unayaacha kwa ajili ya nyuki. Kila wiki unarudi kukagua, kwa sababu grisi ikijaa vumbi imekuwa daraja.

Vitambaa sikuvitafuta mbali. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa kanzu, na mabaki yake yalijaa magunia nyumbani. Yote meupe.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Itaba. Huko nilikuta mtu amepulizia dawa ya kuulia wadudu wa kahawa kwenye mandarini, mchenza wa uani, mlangoni pa jiko. Sisimizi walikufa, sawa, lakini na wale wadudu wekundu walikufa, na kuku wake wanne nao. Nilimkaripia vibaya sana, mtu mzima wa umri wa baba yangu. Nilikuwa na mdomo siku zile. Kila nyumba niliyoingia baada ya hapo nilisema jambo hilohilo: dawa ya kahawa haina kazi kwenye mti ambao mtoto anachuma na kula palepale.

Kisha vita vikaja. Direkta wa kilimo wa mkoa wa Muyinga aliniita, naye alikuwa anaongea huku anatazama dirisha.

"Wenzako wawili wamekimbia. We utaenda Gashoho peke yako. Kule usiulize watu maswali mingi, na mikutano hapana. Watu wanaogopa."

Nilitii. Gashoho nilipewa chumba nyuma ya ofisi tupu. Kirundi nakijua tangu utotoni, lakini wakati ule mgeni mwenye daftari alikuwa mtu wa kukwepwa. Nikipita njiani, mazungumzo yanakatika. Nilikula peke yangu, nikaswali peke yangu, na kuna siku nilijikuta naongea na mlimau wa nyuma ya ofisi, nausimulia nilichopika. Wallahi, upweke ule sijapata kuusahau.

Aliyenisemesha alikuwa mmoja, Bibi Spesi, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara na binti yake mdogo, Klodeti. Aliniletea maharage ya moto kwenye sahani iliyofunikwa, akakaa kunitazama nikila. Alikuwa na mchungwa mmoja aliouacha marehemu mume wake, nao ulikuwa unakauka kwa vidukari.

"We si fundi wa miti?" aliniambia. "Huyu ndiye bwana yangu aliyebaki. Akikufa, mi nitabaki na nani?"

Nikamwahidi kwamba hautakufa. Furaha ya kuombwa kitu na mtu ilinipanda kichwani, nikataka kumshangaza. Basi siku ya soko, watu wote wakiwa wameondoka, nilibeba gunia la vitambaa vya baba nikapita nyumba zote za kilima chetu. Kila ua wenye mchungwa au mndimu nilifunga kitambaa cheupe. Nyumba tisa. Zisizo na mti nilizipita. Jioni nilirudi chumbani, nikanawa grisi na kulala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa miezi.

Asubuhi kilima kilikuwa kimya. Milango wazi, mbuzi wamefunguliwa, majivu ya jikoni bado yana joto. Kwa Bibi Spesi nilikuta sahani ileile ya maharage imeachwa kizingitini. Nilisimama pale sielewi kitu.

Mtu mmoja alitoka kwenye mashamba ya kahawa, mikono juu, kama mimi ndiye mwenye bunduki.

"Madamu, tuseme ukweli. Hizi nyumba tisa, watakuja lini kuzichoma?"

"Nyumba gani?"

"Zile mulitia alama."

Kumbe nilichokiona ni kitambaa cha sisimizi, na wao waliona orodha. Nyumba hii imefungwa, ile imerukwa, nani asingekimbia? Nilizunguka mchana kutwa nikivikata vitambaa kwa kisu, nikilia kwa sauti bila kujali nani ananisikia.

Watu wa nyumba nane walirudi mmoja mmoja. Salamu yangu hawakuipokea tena. Bibi Spesi alikuwa amevuka mpaka na Klodeti, wako Tanzania, walisema. Mchungwa wake niliufunga kipande cha kitenge changu cha zamani, cheusi, nikauosha kwa sabuni kila asubuhi, na ukapona. Mwaka baada ya mwaka ulizaa, machungwa yakaanguka, na mimi sikula hata moja.

Vita vilikwisha, nikahamishiwa Gitega, nikafundisha vijana wengi. Tangu Gashoho nilikuwa na sheria moja: sifungi mti wa mtu. Mwenye mti anatoa kitambaa chake mwenyewe, anafunga kwa mkono wake, mimi naelekeza tu. Vijana walinitania kwamba nimekuwa mvivu. Niliwaacha waseme.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu niliomba kwenda Gashoho. Nyumba ya Bibi Spesi ilikuwa na bati jipya. Mwanamke alitoka, nikamtambua kwa macho ya mama yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania.

"Shikamoo, mama. Unamtafuta nani?"

"Bibi Spesi."

"Mama alifariki kambini. Mimi ni Klodeti." Aliutazama mchungwa. "Hata sijui nani aliutunza huu mti miaka ile ya vita. Mama alidhani umekufa."

"Ni mimi."

"Mungu akubariki. Na yule aliyetutia alama, ulimjua?"

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua?

"Ni mimi pia," nikasema, nikamweleza yote: sisimizi, grisi, kanzu za baba, siku ya soko.

Klodeti aliingia ndani, akakaa muda, nikadhani hatatoka. Alipotoka alikuwa na kipande cha khanga iliyochakaa.

"Nifundishe," alisema. "Halafu uende."

Nikamwelekeza. Alikifunga mwenyewe, akakaza kamba vizuri, akapaka grisi juu ya kitambaa bila kugusa gome. Hakukosea hata kidogo. Nikachukua mkoba wangu nikaenda.