Msafiri wa kutoka Mwanakwerekwe

Chekeni tu, leo nimeumbuka kwenye mji wangu mwenyewe.

Mimi wa Mwanakwerekwe nimelipia kitanda hosteli ya Mji Mkongwe, eti nijue raha ya kusafiri peke yangu.

Chumba kimoja na wageni watano. Nikawaambia natoka Msumbiji.
(Msiniulize kwa nini.)

Jana Mjerumani mmoja kanionesha soko la Darajani kwenye ramani. Nikamshukuru, wallahi!

Asubuhi hii tunakunywa chai, mara anaingia mpishi na sahani ya chapati.
Bi Time. Jirani yetu!

Ningeinamia kikombe changu yakaisha. Lakini mdomo haukungoja.

"Shikamoo, Bi Time!"

"Marahaba. Kumbe umo humu? Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Haya, ukishakunywa chai teremka ukanipandishie mtungi wa gesi."

Utamkatalia vipi mtu aliyekuogesha utotoni?

Nshaupandisha, ghorofa tatu, jasho linanitiririka.

Mjerumani kanipigia makofi. Anasema nina siku moja tu hapa, na Kiswahili nshakishika.

Nikamwambia nnajitahidi.