Mistari Miwili kwenye Damu ya Mukashyaka

Kuku wa kwanza alipigizwa ukutani akiwa hai, saa nne asubuhi, watu wakishangilia.

Nilikuwepo. Na chanzo cha yote nilikuwa mimi.

Naitwa Mudathiru. Kazi yangu ilikuwa kutoa watu damu kwenye utafiti mmoja hapa Gisenyi, Rwanda, mpakani na Kongo. Tulikuwa na kipimo kipya cha haraka cha mafua ya ndege. Kinatafuta kingamwili, ile alama inayobaki mwilini baada ya kupigana na virusi.

Swali letu lilikuwa moja: hiki kipimo kinasema kweli au kinaongopa?

Ndiyo maana kila damu ilipimwa upya maabara Kigali, na majibu ya haraka tulikatazwa kumwambia mtu.

Mimi nikamwambia mtu.

Sano, kinyozi wangu. Alikuwa ananinyoa, mdomo ukaniwasha. "Yule Mukashyaka muuza kuku wa pale mpakani, Petite Barrière, kipimo kimetoa mistari miwili."

"Iko na mafua ya ndege?"

"Si lazima..."

Sikumaliza. Alishaweka mashine chini, kashika simu.

Kesho yake nikasikia makelele kwa Mukashyaka. Nilipofika, uani pamejaa. Mabanda chini, kuku wanakanyagwa. Sano yuko mbele na chuma.

"Utatuua na batoto yetu!"

"Mi niko muzima!" Mukashyaka alilia. "Hata kukohoa sijakohoa! Muniache!"

Jiwe likampasua juu ya jicho. Akaanguka. Sano akashusha chuma, nikausikia mfupa wa mkono ukivunjika.

Nilikuwa na sare ya mradi mwilini. Neno langu moja lingetosha. Nikanyamaza kama bubu mpaka polisi walipofika, wakamkamata Sano na wenzake watatu.

Wiki mbili baadaye, bosi wetu, Daktari Uwingabire, akaniita.

"Majibu ya Kigali yametoka. Mukashyaka hana kitu. Kipimo kilichanganya kingamwili za mafua ya kawaida na za mafua ya ndege."

Akafunua ukurasa wa pili.

"Kati ya damu zote, imethibitika moja tu. Na hiyo, kipimo chetu kilisema haina kitu."

Akanigeuzia karatasi. Sisi wafanyakazi pia tulitoa damu.

Jina lilikuwa langu.

"Uliambukizwa zamani, labda kabla ya mradi huu, ulipokuwa unakusanya sampuli za kuku waliokufa," alisema. "Ulishapona. Huwezi kumwambukiza mtu."

Nilikwenda moja kwa moja hospitali, nikamweleza Mukashyaka yote. Alinitazama kwa jicho moja, lingine limefungwa bandeji.

"Donc ni we ulisema. Na ni we ulikuwa nayo."

"Ndiyo, mama."

"Bon. Na we, nani atakuja kukuvunja mukono?"



Nimefukuzwa kazi, na nilistahili. We unayesoma, ukisikia fulani kakutwa na ugonjwa, uliza kwanza kipimo kimepima nini na huwa kinakosea mara ngapi. Kama hujui, funga mdomo.

Mimi wangu niliufungua kwa kinyozi. Mkono wa Mukashyaka haunyooki tena.