Kisiwa cha Tamsin

Degory Hext hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani kwetu Dartmouth, bandari ya Uingereza, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na mhubiri alishachoka kumkemea. Mimi nilikuwa fundi wa mapipa katika meli alizosafiri, kwa hiyo asije mtu akaniambia alimjua kuliko mimi.

Alikuwa na mke, Wilmot, na mtoto mmoja wa kike, Tamsin. Mtoto alikufa kwa homa akiwa ndiyo kwanza anajiinua kwa kushika benchi, hajapiga hata hatua. Degory alikuwa baharini. Aliporudi alikuta ameshazikwa, na juu yake nyasi tu, maana jiwe la kaburi ni la wenye nacho.

"Hakuna mahali pa kulisoma jina lake," Wilmot alimwambia. "Nawe ulikuwa wapi?"

 Ndipo akasikia habari za Nahodha Gawthorne, aliyetafuta njia ya kwenda China kwa kupitia kaskazini. Melini mwake, aliyekuwa wa kwanza kuona nchi kavu ndiye aliyeipa jina. Degory akamwahidi mkewe kwamba jina la Tamsin litaandikwa kwenye ramani, wafalme walisome. Wilmot alimfungia jibini, akampa mgongo.

Basi tuling'oa nanga naye, na huko tulikoma. Kule kaskazini ukungu hauondoki, kamba zinaganda, biskuti zina funza kuliko unga. Degory akahamia juu ya mlingoti, hali wala halali vizuri, akipigia kelele kila wingu.

"Nchi kavu! Nchi kavu!"

"Shuka bwana, wingu hilo," alifoka Pook, mpishi wetu. "Jana wingu, leo wingu. Kesho utatuonyesha mama mkwe wako?"

"Yule ningemwona tangu Dartmouth!"

Tulicheka, ila yeye alishageuka kutazama baharini tena.

Halafu jioni moja akaita, na safari hii hata Pook alikimbilia ukingoni. Mbele yetu palikuwa na kilima cha kijivu, kina bonde na mabaka ya udongo, ndege wametua juu. Nahodha alivua kofia.

"Hongera, Hext. Kiitwe nani?"

"Tamsin, nahodha."

Nahodha akaliandika kwenye ramani mbele ya macho yetu, tukafungua pipa la bia. Pook alishusha kamba ya kupimia kina, ikaisha bila kugusa chini.

"Jamani, kisiwa gani hiki kisicho na chini?"

"Kunywa, ukae kimya," nikamwambia.

Asubuhi ukungu ulipoinuka, kisiwa kilikuwa kimehamia upande wa pili wa meli. Jua lilikipiga kikang'aa cheupe, kipande kikamomonyoka na kuanguka kwa kishindo. Barafu! Kwetu barafu ni ile ya kuvunja kwenye ndoo. Nani angewaza kwamba kuna mlima wake?

Pook alicheka mpaka akakaa chini. "Hext, kisiwa chako kina miguu!"

Nilitamani nimpige nyundo. Nahodha alilikwangua jina kwa kisu.

"Tukifuate, nahodha," Degory aliomba. "Nakuomba."

"Tufuate barafu? Rudi kazini."

Akabaki anakitazama kikienda zake kusini, mpaka kikapotea.

Tuliporudi Dartmouth aliniomba nimsindikize, na bado aliupita mlango wake kama hauoni. Nilimrudisha kwa kumshika mkono. Wilmot alikuwa anakanda unga.

"Limeandikwa?"

"Liliandikwa, likafutwa." Akamweleza yote, hata kicheko cha Pook. "Kilikuwa barafu, Wilmot. Tuliamka kimeondoka."

Nilirudi nyuma kidogo, maana nilijua kitakachofuata ni bakuli la unga kichwani.

"Kiliondoka chenyewe?" aliuliza taratibu.

"Chenyewe."

"Hakuna aliyekivuta? Hakuna aliyekishika mkono?"

"Hakuna, mke wangu."

Wilmot alikaa kwenye lile benchi, unga mikononi, machozi yakimtiririka na huku anacheka.

"Basi mwanangu ameshajua kutembea," akasema.

Degory alifunga mlango, akaja kukaa naye.